Makumbi ya Mama Yangu

Harufu ya makumbi yaliyooza haina mfano wake. Si ya samaki, si ya choo, si ya maiti. Ni harufu ya tope lililokaa na siri muda mrefu, kisha likafunuliwa. Wageni wakipita pwani yetu, huku kati ya Tanga na Pangani, huziba pua wakakaza mwendo. Mimi husimama. Huvuta pumzi mpaka chini ya kifua, maana hiyo ndiyo harufu ya mama yangu. Mikono yake ilinuka hivyo, na leso zake, na hata uji aliotukorogea. Mwaka huu harufu hiyo imenirudia katika uwanja wa shule, nikaona afadhali niyaandike haya kabla nami sijafukiwa. Shule yangu ni ndogo, niliishia darasa la nne. Mtanivumilia. Ila sitawavumilia niliowakusudia, nao nitawataja kwa majina.

Nyinyi wa rika langu mnajua kazi ya makumbi, lakini watoto wetu hawaijui, acha niwaambie. Nazi ikifuliwa, linabaki kumbi. Wanawake hukusanya makumbi wakayabeba mpaka pwani, karibu na mikandaa, hiyo mikoko yetu, maji yakipwa. Huchimba shimo topeni, wakayapanga humo, wakayafunika na kuyalaza miezi. Bahari inakuja, inapita juu, inakwenda zake. Makumbi yanalainika chini kwa chini. Siku ikifika unayafukua, unayapiga kwa gongo juu ya gogo mpaka maganda yanatoka na usumba, zile nyuzi zake, unabaki, unauanika, ndipo unasokota kamba. Kamba ya kufungia mapaa, ya vitanda, ya kufungia mbuzi. Mwanamke asiye na mume na asiye na shamba huko ndiko aliko na shamba, topeni.

Na shamba hilo halina ukuta. Lina kijiti tu. Kila mwenye shimo huchomeka kijiti chake na kukitia alama. Huyu hufunga ukindu, yule hutoboa kifuu akakivika kijitini, mwingine huchonja mistari. Kijiti cha mama kilikuwa na kitambaa cha kikoi cha marehemu baba, chekundu chenye mstari mweupe. Cha Bi Zuhura binti Hatibu kilivikwa kifuu kilichopakwa chokaa, king'ae, kionekane tangu barabarani, kama mwenyewe. Na adabu ya pwani ilikuwa hii: kijiti cha mwenzio hakiguswi. Hata kikiinama kwa mawimbi unamwita mwenyewe aje akisimamishe. Mtu angeweza kukuibia kuku, angeweza kukuibia mume, lakini kijiti! Ndiyo maana hakuna aliyelinda. Tuliamini kijiti kuliko tulivyoamini macho yetu, na hapo ndipo tulipopatwa.

Baba alifia kwenye mashamba ya mkonge mimi nikiwa bado sijui kufunga leso. Tukabaki mama na mimi. Mama alikuwa mwembamba, mkimya, mwenye vidole vilivyopasuka kwa maji ya chumvi. Mwaka ninaousema, alikuwa amelaza shimo kubwa kuliko yote aliyowahi kulaza. Aliyaokota makumbi kwa watu, nyumba kwa nyumba, mengine akiyalipia kwa kufulia watu nguo. Juu yake alitandika jamvi letu kuukuu, tope lisiingie, akalibandika mawe. Jamvi lile nililijua, nililala juu yake tangu kuzaliwa. Ukingo wake mmoja ulifumuka, mama akaushona kwa uzi wa buluu, kushoto kulia, kushoto kulia, kama nyayo za kaa.

"Hili, Mwanaisha," aliniambia akibandika jiwe la mwisho, "ndilo sare yako na madaftari yako mpaka umalize la saba. Usije ukaniambia umechoka kusoma."

"Mpaka la saba, mama?"

"Mpaka la saba. Baada ya hapo shauri yako na Mungu."

Basi mimi nikikaa darasani nikitazama ubao, nilikuwa naona tope. Nilidhani kila mtoto ana shimo lake pwani linalomsomesha. Nilimwuliza Fatuma, rafiki yangu, shimo lake liko upande gani, akanicheka siku nzima.

Mwalimu wetu mkuu alikuwa Salimu Kibwana. Nasema Salimu Kibwana, na aliye na ukoo naye anisikie vizuri. Mtu mrefu, suruali ina mkunjo wa pasi, sauti ya kuamrisha hata anapoomba maji. Siku moja alitusimamisha mstarini akasema shule itafanya jambo la kheri ambalo halijapata kufanyika pwani nzima: wanafunzi wenyewe watawachangia mayatima wa kijiji. Si kwa kuomba majumbani. Kwa ubunifu! Neno hilo alilipenda, alilitia ulimini kama haluwa. La sita watawachotea watu maji kwa ujira. La tano watapika visheti na kashata wauze siku ya gulio. La nne watakata kuni. Na sisi la tatu tutapiga makumbi, tusokote kamba, ziuzwe mjini.

"Makumbi tutayapata wapi, mwalimu?" aliuliza mmoja.

"Hilo wazazi watalijibu. Nyinyi leteni mikono."

Kwenye mkutano wa wazazi, Bi Zuhura aliinuka. Alikuwa mwenyekiti wa kamati, mwanamke wa mwili, meno meupe, leso mpya kila Ijumaa. Nilikuwa dirishani nimepakatana na Fatuma, nikamsikia kwa masikio yangu. "Mimi," alisema, "sina mengi. Lakini shimo langu zima, tangu juu mpaka chini, nimewapa mayatima. Niandikieni kwa Mungu." Ukumbi ukalipuka vigelegele. Mwalimu Salimu akampigia makofi ya kusimama. Mama alikuwa nyuma kabisa, naye alipiga kigelegele. Jamani, mama yangu alipiga kigelegele!

Ambacho hatukukijua ni kwamba shimo la Bi Zuhura lilikuwa limekwisha kufukuliwa. Makumbi yake alikwishamwuzia mchuuzi wa Tanga, naye mchuuzi akayachukua yangali topeni na kuyafukua kwa watu wake mwenyewe. Kwenye shimo palibaki tope, na juu kijiti na kifuu chake cha chokaa, kikitabasamu. Aliutaka ule mkutano na vile vigelegele, kisha akatafuta cha kuvilipia.

Siku ya kufukua tulitoka shuleni kwa nyimbo, mstari mrefu, kila mtoto na kikapu. Maji yalikuwa yamepwa mpaka mbali. Bi Zuhura alitangulia na gongo lake, akatuonyesha kifuu cheupe. "Haya, wanangu, hapa. Chimbeni kwa Bismillahi." Tukachimba. Mimi nilikuwa mmoja wa waliochimba kwa nguvu kabisa, maana mimi ni mtoto wa kazi hiyo, wenzangu walishangaa ninavyojua kushika kumbi lisikukate. "Tazameni mtoto wa Mwanahamisi," Bi Zuhura aliwaambia. "Huyo ndiye kungwi wenu leo." Nilivimba kichwa. Nilifurahi ajabu.

Juu ya makumbi palikuwa na mawe, na chini ya mawe palikuwa na jamvi. Walilitupa kando. Mimi niliona ukingo wa buluu, kushoto kulia, nikawaza: kijiti chetu cha kitambaa si kile kule? Kumbe na Bi Zuhura anashona kama mama! Ndivyo akili ya mtoto ilivyo. Haiwazi kuwa kitu ni chake. Inawaza dunia ina vingi vinavyofanana. Nikalikunja jamvi lile bovu, linavuja maji meusi, nikalitia kikapuni mwangu. Tukapiga makumbi yale uwanjani, siku baada ya siku, nyimbo juu ya nyimbo, na viganja vyangu vikatoka malengelenge. Nilikuwa napiga darasa langu la tano, la sita na la saba, nalipasua kwa gongo, nami naimba.

Jioni ya kufukua nilimfikishia mama zawadi yangu.

"Mama! Nimeokota jamvi kama letu! Tazama hata uzi."

Mama alikuwa anapuliza moto. Alilipokea. Alilifungua mapajani, akapitisha kidole juu ya uzi wa buluu mpaka mwisho. Nikaona moto unazimika naye hapulizi.

"Umeliokota wapi?"

"Shimoni kwa Bi Zuhura."

"Shimo gani?"

"Lenye kifuu."

Alilikunja upya, polepole, kama mtu anayekunja nguo ya maiti. Maji yalipopwa tena alinishika mkono tukaenda pwani. Kijiti chenye kitambaa cha baba kilikuwa kimesimama, kimenyooka, kizuri. Lakini hakikusimama palipo pake. Mama alikuwa na alama nyingine ambayo hakumwambia mtu: shimo lake lilikuwa ubavuni mwa kisiki cha mkandaa kilichoungua kwa radi. Sasa penye kisiki palikuwa na kifuu cheupe na shimo wazi lililochimbwa na watoto. Na kitambaa cha baba kilikuwa kule pengine, juu ya tope tupu la Bi Zuhura. Mama akapiga magoti akachimba pale kwa mikono. Tope. Akachimba. Tope. Alichimba mpaka maji yakaanza kurudi yakamfikia kiunoni, na mimi nikilia kwa kuogopa maji, sikulia kwa kingine chochote. Sikujua kuna kingine cha kulilia.

Alikwenda kwa Mwalimu Salimu Kibwana na jamvi mkononi. Nilikuwepo. Alibisha hodi kwa adabu, akaamkia, akaeleza maneno machache. Mwalimu alisikiliza huku akitazama jamvi linavyomdondokea maji sakafuni. Akamtuma mtoto akamwite Bi Zuhura. Akaja anacheka, anajipepea na ncha ya leso.

"Mwanahamisi, mwenzangu! Nasikia kijiti chako kimetembea?"

"Kimehamishwa, Bi Zuhura."

"Kijiti kina miguu? Hebu nionyeshe miguu yake. Haya maajabu! Au bahari ndiyo iliyokuchagua wewe peke yako?"

"Jamvi hili langu. Uzi huu nimeutia mimi."

"Uzi wa buluu hauuzwi dukani ila kwako?" Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, umaskini mbaya. Ukimkaa mtu humtia wazimu."

Mwalimu alicheka kidogo, akajizuia. Ndicho nisichomsamehe, kile kicheko alichokiuma katikati. Alikuwa amejua. Nilimwona macho yake yakitoka kwenye jamvi kwenda kwa Bi Zuhura, yakakaa hapo, kisha yakainama mezani. Mtu asiyejua haangalii meza.

"Mama," alimwambia, "jambo hili la kheri limekwisha kusemwa mpaka kwa wakubwa wa wilaya. Wageni wanakuja. Tukianza kuvutana vijiti, aibu itakuwa ya kijiji kizima. Na wewe mtoto wako si yatima? Jina lake limo. Nitahakikisha mnaitwa wa kwanza. Sasa unalia nini, na vyote vitarudi kwako?"

"Vyote?"

"Fungu lako."

Mama aliangalia chini. Kisha akasema, "Kwaheri, mwalimu." Njiani nilimwuliza kwa nini tuitwe wa kwanza, naye akakaza mwendo. Mimi nilikuwa nimesikia hilo tu. Wa kwanza!

Siku yenyewe ya kuwagawia mayatima uwanja ulipambwa makuti na maua ya mlangilangi. Wageni walikaa kivulini. Kamba zetu zilikuwa zimekwisha kuuzwa, vitu vimenunuliwa. Bi Zuhura alivikwa shada, akasifiwa mpaka nikaona wivu kwamba si mama yangu. Kisha Mwalimu Salimu akasoma jina la mama, wa kwanza kama alivyoahidi. Mama akapanda jukwaani na leso yake iliyofifia. Bi Zuhura mwenyewe ndiye aliyemkabidhi: mche wa sabuni, kibaba cha mchele, kanga. Akamkumbatia mbele za watu. Nikamwona mama machozi yanamtoka, bila sauti, yanashuka mpaka kidevuni, naye mikono imejaa sabuni, hana wa kumfutia.

Mwalimu akachukua kipaza sauti. "Mnaona, ndugu zangu? Mama wa watu kazidiwa na furaha."

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Nilipiga kuliko wote, mpaka malengelenge yangu yakapasuka, maana nilimwona mama yangu amefurahi mbele ya wilaya nzima.

Sitarefusha yaliyofuata. Sabuni iliisha. Sare haikupatikana. Nilijikokota mpaka la nne na gauni lililonipanda magotini, Mwalimu Salimu akinirudisha nyumbani kwa sababu ya gauni hilohilo, huyo aliyejua. Mwisho mama alinipeleka mjini, Ngamiani, kwa mtu tuliyeambiwa ni jamaa, nikae nimsaidie kazi. Nilichokutana nacho kwenye nyumba ile nitakufa nacho. Niseme tu kwamba jikoni nililala, na wa kuniita mwanangu hakuwepo. Niliporudi kijijini nilikuwa mtu mzima mwenye kovu la mafuta ya moto mkononi, na mama alikuwa mgonjwa wa kifua, akipiga makumbi ya watu kwa ujira. Shimo lake mwenyewe hakulaza tena. Alisema hana kijiti.

Lakini alikuwa na wimbo. Kila akipiga aliuvuta kwa chini, kwenye koo:

Kijiti cha kitambaa, nani kakupa miguu?
Jana ulikuwa kwetu, leo umepanda juu.
Jamvi la uzi buluu, nani alokufukua?
Mwenye shimo analia, watu wasema kapewa.

Kumwita Bi Zuhura mwizi hakumwita kamwe, wala hakumkata salamu. Wenziwe waliokuwa wakipiga naye walijua, wakaitikia bila kutazamana. Nikamwuliza siku za mwisho, "Mama, unamsamehe?" Akasema, "Mimi nimechoka tu, Mwanaisha. Kusamehe ni kazi nyingine." Akafa na uchovu huo. Nami niliurithi wimbo, na kazi ya kusamehe sikuirithi.

Mwalimu Salimu Kibwana alitangulia zamani. Nikipita makaburini huwasalimu maiti wote kama tulivyofundishwa, kisha nasema moyoni, isipokuwa mmoja. Bi Zuhura akabaki. Alizeeka vizuri, Mungu na mambo yake. Akawa bibi wa kijiji, akitajwa kila mkutano kwamba ndiye aliyeanzisha kheri shuleni. Na mama yangu, kila akitajwa, alitajwa kama maskini aliyesaidiwa na Bi Zuhura. Hilo ndilo lililonila. Kukuibia makumbi ni wizi. Kukuibia makumbi kisha ukawa wewe ndiye mdaiwa wa shukrani mpaka kaburini, hilo sina jina lake.

Mimi nilirudi topeni. Nina mashimo yangu, nasuka mazulia ya mlangoni, watalii wa Pangani wanayanunua. Basi mwaka huu akanijia mwalimu kijana, Mwalimu Neema, mtu wa milimani Lushoto, mpole, simu haimtoki mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila harufu ndiyo hiyo."

"Tumeshaizoea, mama." Aliongopa, nikampenda. Akanieleza. Kuna mwanafunzi wao, Tatu, miguu haina nguvu, mama yake anambeba mgongoni kwenda shule, naye sasa amekuwa mkubwa. Wanafunzi wameamua kumchangia kiti cha magurudumu. Wanataka ubunifu. Neno lile! Wengine wataimba, wengine watauza juisi ya ukwaju. Na kundi moja linataka kupiga makumbi jukwaani, watu waone kazi ya bibi zao, kisha wauze kamba papo hapo. "Na mgeni rasmi," akasema, "atakuwa Bi Zuhura. Tumesikia yeye ndiye wa kwanza kuleta jambo hili shuleni kwetu. Tunataka kumuenzi."

Nilimaliza kusokota ncha ya kamba iliyokuwa mkononi mwangu.

"Makumbi nitawapa," nilisema. "Shimo zima. Na sitaki jina langu litajwe."

"Mama! Mungu akubariki!"

"Ila watoto waje hapa nyumbani niwafundishe. Makumbi hayapigwi kimya, mwanangu. Ukipiga kimya unajipiga kidole."

Walikuja, wasichana wengi na wavulana wachache wa kujikaza, na Tatu mwenyewe akiletwa mgongoni. Nilimpa Tatu gongo lake na gogo lake, kwa kuwa kazi hii inataka mikono tu. Alipiga kuliko wenye miguu. Niseme wazi, sina ugomvi na kheri. Mtoto yule nilimpenda, na makumbi niliyompa ni yangu halali, nilichimba mimi, kijiti changu. Lakini nikawafundisha na wimbo. Watoto wanapenda wimbo ambao hawajui maana yake.

"Bibi, kijiti kinapewaje miguu?" Tatu aliniuliza.

"Ndiyo tunauliza hivyo. Wewe imba. Siku hiyo ukiimba, mtazame mgeni rasmi usoni. Ni adabu kumtazama mgeni."

Siku ikafika. Turubai la buluu, viti vya plastiki, spika zinanguruma. Bi Zuhura aliletwa kwa bajaji mpaka mbele, fimbo ya fedha, shada shingoni, meno yamebaki machache lakini bado ya kuchekea. Mimi nilikaa kiti cha nyuma yake, karibu kabisa. Mwalimu Neema alinipisha mwenyewe.

"Nani huyo?" Bi Zuhura aliuliza, macho yamefanya ukungu.

"Mwanaisha wa Mwanahamisi, shangazi."

"Aaa! Yule tuliyemsaidia!"

"Ndiye."

Watoto wakapanda na magogo yao. Makumbi yakamwagwa jukwaani, na harufu ikaja. Nilimwona Bi Zuhura bega linashtuka. Gongo la kwanza likalia, la pili, kisha yote kwa pamoja, na sauti ya Tatu ikatangulia, nyembamba, imenyooka kama kijiti:

Kijiti cha kitambaa, nani kakupa miguu?

Na wenziwe wakaitikia, wote wakimtazama mgeni rasmi usoni kama nilivyowafunza, wanatabasamu, watoto wa watu, hawana hatia yoyote. Jana ulikuwa kwetu, leo umepanda juu. Walipofika kwenye jamvi la uzi buluu, mkono wa Bi Zuhura ulinitafuta nyuma kama mtu anayetafuta ukuta gizani. Ukanishika kifundo cha mkono, penye kovu.

"Nani kawafundisha huo?"

"Mwenye shimo, shangazi."

"Mwanaisha." Aligeuza shingo nusu. "Nilikuwa nimekwisha kusema mkutanini. Ningerudi vipi? Nilitaka nimlipe baadaye, wallahi, kisha siku zikapita. Mimi mtu wa kufa leo au kesho. Nipe radhi, mwanangu. Mwambie na mama yako aniachilie."

Miaka yote nilikuwa nalisubiri neno hilo, na nilidhani litakaponifikia litakuwa zito. Lilikuwa jepesi, kama usumba uliokauka.

"Nitakupa," nilimwambia, nikainama sikioni mwake. "Kipaza sauti kile pale. Ulimkabidhi sabuni mbele za watu. Mrudishie makumbi mbele za watu. Sema tu, shimo lile lilikuwa la Mwanahamisi. Maneno hayo tu, na hapohapo nitasema nimekusamehe, duniani na akhera."

Alikitazama kipaza sauti. Alikitazama kweli, nilimwona. Aliangalia na shada lake, na wajukuu zake waliokaa mstari wa mbele na nguo mpya. Watoto wakarudia wimbo tangu mwanzo, kwa kuwa watu walipiga kelele warudie. Kisha akatikisa kichwa, kidogo tu, na machozi yakamtoka. Yalishuka kwenye mikunjo ya uso mpaka kidevuni, naye mikono yote miwili imeshika fimbo, hana wa kumfutia. Nilikuwa na leso mapajani. Sikuitoa.

Mwalimu Neema aliona, akaguswa moyo, akachukua kipaza sauti.

"Jamani, mtazameni bibi yetu! Kazidiwa na furaha!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Nami nikapiga. Nilipiga kuliko wote.